Magego Kutoka Mahame

Tura, 11 Juni 2023

Binti yangu Adelina,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kuifungua hii. Sisi wazima. Bibi yako ni mzima wa kutosha kunigombeza asubuhi na jioni.

Ulisema kwenye simu kuwa mwalimu wako wa chuo hataki habari za mdomo, na mtandao wa huku unaujua, mpaka mtu apande kichuguu. Basi nitaandika, na vifurushi nitampa Marko wa stesheni avipandishe kwenye treni.

Nimeanza kuchimba kisima kule mahame, kwenye kiwanja cha marehemu babu yako Nikolaus, tulikohama mwaka sabini na nne walipotukusanya kijijini. Watu wananicheka. Mzee wa miaka sitini na moja anachimba maji mahali asipoishi mtu! Nimewaambia namtafutia mwanangu meno ya mawe, yale niliyokuletea ulipokuwa mdogo ukalala nayo chini ya mto. Kamba anaishika jirani yetu Nestory, mzee mwenzangu, ambaye maneno yake kwa siku hayazidi kumi. Nimekuwekea meno mawili na michembe kidogo ya viazi vitamu.

Bibi yako ameniagiza niulize tena kama huko Dar hukutani na watu wa Tanga. Ukikutana nao, uliza habari za baba yako mkubwa Erasmus. Nimeagizwa, nimeandika. Majibu yako nitamsomea kama kawaida, mimi ndiye macho yake.

Baba yako,
Anton


Dar es Salaam, 2 Julai 2023

Baba,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, na michembe imekwisha kabla sijafika mezani kwangu. Wenzangu wanasema wananyamwezika.

Sasa nikueleze ninachotafuta, ili usinitumie kila jiwe lenye ncha. Zamani zile hapakuwa na mtu wa kuandika tarehe. Wanyama ndio walioziandika, na karani wetu mkuu ni nguruwe. Nguruwe wa kale alikula vitu laini, na gego lake la mwisho lilikuwa fupi, halizidi kichwa cha kidole gumba. Nchi ilipokauka na nyasi ngumu zikatawala, gego likarefuka kizazi hata kizazi, mpaka likafika urefu wa kidole cha kati. Kwa hiyo sisi tunaikata miaka vipande kwa gego: enzi ya fupi, enzi ya wastani, enzi ya refu. Ardhi nayo hujipanga yenyewe. Refu juu, fupi chini, siku zote. Hata refu hilo ni la miaka laki nyingi, usimwambie bibi, atasema tunakufuru.

Ukinipatia enzi zote tatu ndani ya shimo moja, tasnifu yangu imesimama. Natakiwa kuitetea Desemba, na mpaka sasa sina kitu cha kutetea. Kila gego liandikie kina chake. Jino lisilo na kina ni jiwe tu.

Mwambie bibi nimeuliza watu watatu wa Tanga. Hakuna anayemfahamu. Baba, alikwenda kwenye mashamba ya mkonge mwaka sabini na moja. Je, si wakati wa kumweleza bibi taratibu kwamba huenda alishakufa? Hata jina lake amekataza wajukuu wasipewe, eti la mtu aliye hai halirithiwi.

Mwanao,
Adelina


Tura, 30 Julai 2023

Adelina,

Nimepima kwa kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila futi, na kila gego nimelifunga kwenye karatasi yake. Futi sita, fupi moja. Futi kumi, fupi mawili. Futi kumi na tano, la wastani. Futi kumi na tisa, mawili marefu. Udongo ni laini, kazi inakwenda upesi kuliko nilivyofikiri.

Hayo ya kumweleza bibi taratibu, niachie mimi.

Baba yako,
Anton


Dar es Salaam, 13 Agosti 2023

Baba,

Shikamoo. Nitasema bila kuzunguka kwa sababu muda sina. Umechanganya karatasi. Mafupi umeyaandika juu na marefu umeyaandika chini, yaani watoto wamezaliwa kabla ya mababu. Nilimwonyesha mwalimu wangu, akanitazama kama mtu aliyeleta ng'ombe anayetaga mayai. Akaniuliza nani anachimba. Nikasema baba yangu. Akasema, ‘Aha.’ Hiyo ‘aha’ nimelala nayo wiki nzima.

Najua mikono yako inatetemeka siku hizi na macho hayaoni vizuri jioni. Kama ulikuwa umechoka ukafunga lolote kwenye karatasi yoyote, sema tu, nitaandika kuwa kulitokea kosa la uwanjani. Lakini nahitaji sahihi yako.

Adelina


Tura, 27 Agosti 2023

Binti Anton,

Nimechimba visima thelathini na tisa kutoka hapa hadi Ntalikwa. Katika vyote hakuna mtu aliyeniambia futi kumi ni ishirini. Sahihi ya kosa ambalo sikulifanya hutaipata.

Nimekutumia gego la futi ishirini na mbili likiwa bado ndani ya bonge lake la udongo, sijaligusa, sijaliosha. Lipasue mwenyewe kwa mikono yako isiyotetemeka.

Anton


Dar es Salaam, 9 Septemba 2023

Baba yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Nimekupigia simu mara saba, hupatikani. Barua hii nimempa kondakta wa treni mkononi, nimemwomba asiilaze.

Nililipasua lile bonge. Gego lilikuwa refu, la juu kabisa. Na pembeni yake kulikuwa na kipande cha gunzi la hindi, kimeungua upande mmoja. Hindi, baba, kwenye futi ishirini na mbili. Hukukosea hata futi moja, mimi ndiye niliyekosea kukudhania.

Wewe ndiye uliyenifundisha kazi ile. Mchimbaji akiwa bado juu, udongo huutupa kwa koleo, unarundikana karibu na mdomo. Akishazama, udongo wa chini huvutwa kwa ndoo na kwenda kumwagwa nyuma ya rundo la kwanza. Sasa mtu akitaka kufukia shimo kwa haraka, anaanza na ulio karibu. Udongo wa juu unatangulia kwenda chini, na wa chini unamalizikia juu. Enzi zinageuka kichwa chini miguu juu, kama nilivyoziona kwenye karatasi zako.

Shimo hilo lilishachimbwa na likafukiwa. Ndiyo maana udongo ni laini. Baba, udongo uliofukiwa haushikani, na wewe uko ndani yake bila mbao za kingo. Tafadhali toka. Tasnifu nitatafuta pengine, sitaki gego tena.

Lakini nijibu moja. Kiwanja ni cha babu, na wewe umezaliwa hapo. Nani alikichimba kisima hicho, nani akakifukia, na kwa nini hukuniambia?

Mwanao,
Adelina


Tura, 1 Oktoba 2023

Adelina,

Barua yako imenikuta nimeshamaliza. Sikuhitaji kuambiwa kwamba shimo lile lilifukiwa. Nilikuwepo lilipofukiwa.

Mwaka sabini na moja, mwezi wa Septemba, bibi yako alikwenda Usinge kumzika dada yake. Huku nyuma babu yako na kaka Erasmus wakaanza kuchimba kisima. Siku hiyo Erasmus alikuwa chini, babu alikwenda kukata miti ya kuzuia kingo, na mimi, mtoto wa miaka tisa, nikaachwa mdomoni. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kutazama ukingo, na nikiona ufa nigonge ndoo kwa jiwe ili apande. Lakini nilikuwa nimetega njiwa. Nikasikia mtego umefyatuka, nikaenda kuangalia. Niliporudi hapakuwa na shimo. Ardhi ilikuwa imebonyea tu.

Tulimsikia, Adelina. Sauti ilitoka chini kwa mbali, ikiita, ‘Anton, Anton.’ Hakumwita babu, aliniita mimi. Babu alishuka mara mbili, na kila alipogusa udongo ulishuka zaidi. Jua lilipoinama akasema sauti imekoma. Mimi nilikuwa nalia, sikuwa na hakika ya nilichosikia wala nisichosikia. Akachukua koleo akaanza kufukia. Alisema kisima kilichoua hakiachwi wazi. Akaniapisha kwa rozari yake kwamba Erasmus amepanda treni kwenda kwenye mkonge Tanga. ‘Mama yako akijua atakufa,’ alisema. Hakufa. Amengoja.

Nilitaka nimtoe kaka kabla mama hajaondoka duniani, kisha nimwambie. Nilishajipangia maneno, kwamba alikufa palepale, hakuumia. Meno yako yalikuwa kisingizio changu kwa watu, na hilo unisamehe.

Tulimkuta futi ishirini na nane. Alikuwa ameketi, mkono mmoja juu ya kichwa. Nestory akapiga ishara ya msalaba akasema, ‘Mpagazi.’ Wapagazi wa misafara walikufa njia hii yote, hakuna asiyejua, nami sikumpinga. Mwenyekiti wa kijiji akaja, akatazama, akasema hawa ni wa zamani, mzikeni. Tumemzika hapohapo mahame kwa msalaba usio na jina. Bibi yako aliomba abebwe kwenye baiskeli aje kumwombea mgeni. Akamwombea sana.

Kwenye kiganja cha ule mkono wa juu kulikuwa na udongo mweusi na gego moja. Nimelipima, ni refu kama kidole changu cha kati. Wewe umenifundisha kuwa refu ni la juu. Udongo wa juu ndio babu alioanza nao. Kama ulimfika kiganjani naye akaufumba, basi sauti haikuwa imekoma. Miaka hamsini na miwili nimejiuliza, na wewe umenifundisha kusoma jibu.

Sasa siwezi kumwambia mama chochote. Yeye anangoja barua yako, eti Adelina ndiye anayejua miaka. Mwandikie kwamba ni mpagazi. Mstari mmoja. Wewe unagawa miaka kwa malaki, hii hamsini ni nini kwako?

Baba yako


Dar es Salaam, 15 Oktoba 2023

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni.

Kwanza kuhusu lile gego. Ukingo unapobomoka hauanzi chini, unaanza mdomoni. Udongo wa juu nao ulishuka siku ile, pamoja na meno yake, kabla babu hajashika koleo. Anaweza kuwa alilifumba wakati anaanguka. Jino moja halitoshi kusema. Hata kwa mwalimu wangu ningesema hivyohivyo, sikupozi. Lakini pia siwezi kukuapia kwamba sauti ilikuwa imekoma. Sijui, na hakuna atakayejua.

Ulikuwa na miaka tisa. Mtoto wa miaka tisa hawekwi kuwa mlinzi wa uhai wa mtu. Kosa la kumwacha mdomoni peke yake ni la aliyemwacha.

Kuhusu tasnifu, nimemwambia mwalimu kwamba shimo lilivurugwa, na meno yote nimeyatoa. Sitatetea Desemba. Imeniuma, na sitakuficha kuwa imeniuma zaidi kwamba ulinitumia yale meno ukijua yametoka wapi. Tutayazungumza siku nikija.

Ila unaloniomba siwezi. Hamsini hii ndiyo miaka pekee ambayo kuna mtu aliyeingoja. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya bibi, karatasi mbili. Sikuandika habari za sauti, hiyo ni yako. Msomee yote kama ilivyo. Nakuomba, baba. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa kama hiki.

Adelina


Dar es Salaam, 15 Oktoba 2023

Bibi yangu Paskazia, mke mwenzangu,

Shikamoo. Umeuliza yule mliyemzika mahame ni wa lini. Nitakujibu, lakini kaa kwanza, na Baba akae karibu yako.

Si wa misafara. Ni wa mwaka sabini na moja. Ulipokuwa Usinge kwenye msiba wa dada yako, kisima kilibomoka na Erasmus akiwa ndani. Hakupanda treni. Hakwenda Tanga. Hakukusahau hata siku moja, bibi, kwa sababu hakupata hiyo siku moja ya kukusahau.

Aliyeamua ufichwe ni marehemu babu. Baba alikuwa mtoto mdogo, akaapishwa. Amekuwa akichimba tangu Juni ili akurudishie mwanao, na udongo ule ungeweza kumuua yeye pia. Mengine anayo yeye. Ni mazito, na atakueleza kwa kinywa chake akiweza.

Umeshamwombea bila kumjua. Nadhani Mungu alijua unamwombea nani. Nitakuja Krismasi, tukae naye wote watatu.

Mjukuu wako,
Adelina


Tura, 19 Novemba 2023

Mke mwenzangu Adelina,

Mwangaluka. Marahaba. Anayeandika ni Katekista Octavian, ninayesema ni mimi, na nimemwambia asirembe.

Baba yako alinisomea barua yako. Alisema, ‘Adelina anakusalimu, anasema ni mpagazi wa kale sana, anasema umefanya vema kumwombea.’ Basi. Mimi sijui kusoma, lakini karatasi naziona. Mbili, zimeandikwa mbele na nyuma, na maneno yake hayakujaza hata kijiko. Alipokwenda shambani niliitoa chini ya godoro lake, nikampelekea Katekista. Akasoma. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Sikulia mbele yake. Nililia baadaye, nikaita jina la mwanangu mpaka kuku wakatoka uani. Nimemkasirikia Nikolaus, na amekufa, hasira haina pa kwenda. Nimemkasirikia na baba yako. Si yule mtoto, huyo mtoto namwonea huruma. Nimemkasirikia mzee huyu mwenye mvi aliyeketi mbele yangu na barua mkononi, akanisomea maneno yasiyomo, sauti haitetemeki.

Kisha usiku wake nikamsikia anatapika nyuma ya nyumba.

Umeandika kwamba mengine atayasema mwenyewe akiweza. Nayangoja hayo. Usimwambie kuwa najua. Nikimwambia mimi, atapiga magoti, nami nitamsamehe maana ndiye aliyebaki, lakini atakaa maisha yake yote bila kujua kama angeweza kulitoa neno hilo. Nataka alitoe mwenyewe. Kila asubuhi ananiletea uji. Kila asubuhi nitampa mlango, aingie au asiingie.

Misa nimeshaomba. Katekista ameandika ‘kwa ajili ya marehemu mmoja’, na jina anapelekewa padre kwenye karatasi iliyokunjwa.

Krismasi usije. Ukija, uso wako utasema.

Bibi yako Paskazia
(imeandikwa na Octavian, nayo yote ni maneno yake)


Tura, 14 Januari 2024

Binti yangu Adelina,

Nilikupigia siku ile ya msiba ukakata simu ukilia, na reli ilikuwa imekatika kwa mvua, tukamzika bila wewe. Haya niliyoshindwa kukwambia kwenye simu nayaandika.

Bibi yako alifariki Jumatatu tarehe nane, saa mbili asubuhi, kitandani kwake. Hakuugua sana. Alikuwa amepungua tu tangu Novemba, chakula anagusa na kuacha. Padre aliwahi kumpaka mafuta. Watu walijaa mpaka njia ya stesheni.

Aliagiza azikwe mahame badala ya makaburi ya parokia. Alisema yule mpagazi ni mtoto wa watu, asilale peke yake. Huruma ya bibi yako unaijua. Tumemlaza karibu naye kabisa, hatua mbili. Nilisimama katikati yao, Adelina, nikashukuru kwamba angalau wako pamoja, hata kama yeye hakujua.

Nakuomba msamaha kwa ile barua yako. Sikuisoma kama ulivyoandika. Nilifungua kinywa na maneno yako yakakataa kutoka, yakatoka mengine. Utanikasirikia, na una haki. Lakini nimeona mwisho wake, na nadhani nilifanya vema. Alikufa akiwa na mwana wake Tanga, mzima. Hilo ndilo tu nililoweza kumpa, na ndilo linaloniwezesha kulala.

Wiki zake za mwisho alipata tabia mpya. Nikimletea uji hakunywa mara moja. Alishika bakuli kwa mikono miwili, akanitazama kwa muda mrefu na yale macho yake yenye ukungu, akaniuliza, ‘Anton, una neno?’ Kila siku, hivyohivyo. Mwanzoni nilidhani anauliza habari za kijijini, nikamsimulia nani kauza tumbaku, nani kafiwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanywa.

Hata Jumatatu ile aliniuliza. Uji ulikuwa wa moto, nikawa naupoza, akanishika mkono akausimamisha. ‘Anton, mwanangu, huna neno?’

Nikamwambia, ‘Sina, mama.’

Baba yako,
Anton